Home Alone: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Krismasi vichekesho hivi vya mwaka 1990, kuhusu mtoto Kevin anayeachwa nyumbani peke yake na kupambana na wezi wawili, hurudi kwenye runinga, na maneno yaleyale hurudi navyo.

"Ile filamu ya majambazi anayoitazama Kevin ni ya kweli, ya zamani."

Haipo. Angels with Filthy Souls ilitungwa kwa ajili ya Home Alone tu, jina lake likichezea Angels with Dirty Faces ya 1938. Ilipigwa kwa siku moja, kabla ya kazi kubwa kuanza. Mpigapicha mkuu, Julio Macat, alitumia mkanda wenyewe wa nyeusi na nyeupe, hakungoja kufuta rangi baadaye, akapanga taa kwa mtindo wa zamani ili vivuli vikolee. Ndiyo maana hata wapenzi wa sinema wamedanganyika. Ralph Foody alipangiwa kwanza kuwa Snakes, yule anayemiminiwa risasi, lakini goti lake lilikuwa limepasuliwa na hakuweza kuangukia magoti. Wakabadilishana nafasi na Michael Guido, na bunduki ikaishia mikononi mwa Foody.

"Yote yalipigwa ndani ya nyumba ile."

Nyumba ipo kweli, Winnetka, kaskazini mwa Chicago, na baadhi ya matukio ya ndani yalipigwa humo. Ila vyumba vya kuishi watu havitoshi kamera, taa na kundi zima la mafundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ndani ilijengwa upya kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari iliyokuwa haitumiki. Ghorofa ya chini iliyojaa maji je? Ilijengwa ndani ya bwawa la kuogelea la shule hiyohiyo. Na uwanja wa ndege wa "Paris" ni O'Hare, palepale Chicago.

"Wezi walikuwa wanaanguka kwa hila za kamera."

Hapa ndipo watu wanapowadhulumu wenye kazi. Troy Brown alianguka kwa niaba ya Joe Pesci, Leon Delaney kwa niaba ya Daniel Stern, waigizaji wa wezi hao. Hapakuwa na kamba za kuwashikilia wala kompyuta ya kurekebisha: mtu anateleza kwenye ngazi yenye barafu, miguu inapaa, anatua chali. Kinga ni vile vinavyoweza kufichwa chini ya nguo. Mwongozaji Chris Columbus amewahi kueleza kwamba wakati wa kupiga matukio hayo hakuna aliyecheka; walisubiri kwanza kuona kama mtu ni mzima. Kicheko kilikuja baadaye, uso wa mwigizaji ulipounganishwa na anguko la mwenzake. Stern naye, alipokanyaga mapambo ya mti wa Krismasi, hakuwa peku kama inavyoonekana. Alivaa miguu ya mpira. Buibui aliyetembea usoni mwake, hata hivyo, alikuwa hai.

"Elvis Presley anaonekana uwanja wa ndege."

Elvis alifariki 1977. Yule mwenye ndevu ni mwigizaji wa ziada.

"Waigizaji wote walikuwa wameshachaguliwa tangu mwanzo."

Macaulay Culkin, aliyecheza Kevin, alipendekezwa mapema na mwandishi John Hughes, aliyekuwa amefanya naye kazi katika Uncle Buck. Columbus alisisitiza kwanza kuwaona watoto wengine wengi, kisha akarudi kwa yuleyule. Kwa Marv, mwizi anayechezwa na Stern, mambo yalikuwa magumu zaidi. Stern alikubaliana wiki sita. Ratiba ikawa nane, malipo yakabaki yaleyale, akajitoa. Nafasi ikapewa Daniel Roebuck. Baada ya mazoezi ya siku mbili ikaonekana yeye na Pesci hawashikani, na katika jozi ya vichekesho hilo halina dawa, hata kila mmoja awe hodari kivyake. Stern akarudishwa. John Candy, yule mpiga muziki wa polka wa ndani ya gari, alipatikana kwa siku moja tu. Alifanya kazi takribani saa 23 mfululizo, maneno mengi akiyabuni papo hapo.