Yuniti zako haziko Jinja, na Zapdos hana cha kula

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Jinja, shuka shingoni, mashine imefika katikati ya utosi, umeme ukakatika. Upande mmoja umenyolewa, upande mmoja bado. Kinyozi hakuonyesha kukereka. Aliniangalia kwenye kioo, na kwa vile anaijua kazi yangu, akauliza kwa upole kabisa: "Mzee, juzi nimenunua yuniti thelathini za Yaka, huu umeme wa kulipia kabla. Sasa hivi ziko wapi?" Kabla sijafungua mdomo, mteja aliyekuwa kwenye benchi akanijibia: "Ziko kwao kule bwawani. Wamezifungia."

Nikavaa kofia, nikaenda nyumbani. Nikamkuta mtoto wa dada yangu kajilaza kwenye kochi na simu, anacheza Pokémon ile ya zamani, ya 1996. Yumo ndani ya kituo cha umeme. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Mjomba, hiki kituo kimeachwa zamani lakini umeme umo tele. Ndiyo maana Zapdos kahamia humu, anakula bure."

Mara mbili kwa siku moja. Nimekaa zamu kwenye mitambo ya Mto Nile zaidi ya miaka ishirini, na swali hili nimeulizwa msibani, harusini, kwenye teksi, na safari moja na daktari aliyekuwa akinipima shinikizo la damu. Likapanda. Basi leo naandika, na nitaanza na mchezo kwa sababu mtoto angalau ana kisingizio cha utoto.

Kwa ambao hawakuucheza: mkoa wa Kanto una kituo cha kufua umeme kilichotelekezwa. Unakifikia kwa kuogelea mtoni mgongoni mwa mnyama wako. Ndani ni vichochoro vya mitambo na viumbe wa umeme wamejaa: Pikachu, Magnemite, Voltorb, na mwisho kabisa kasimama Zapdos, ndege wa radi, kiwango cha 50. (Hiyo 50 ni namba ninayoiheshimu, nitairudia.) Hakuna mlinzi getini. Hakuna kelele. Mto uko mlangoni lakini bwawa sijaliona, na makaa ya mawe pia sijayaona, kwa hiyo sijui kilikuwa kikifua umeme kwa kitu gani. Hayo nawasamehe. Kisichosameheka ni wazo lenyewe, kwamba kituo kikisimama umeme unabaki ndani kama maji kwenye mtungi na wadudu wanakuja kuunywa.

Kituo cha umeme si ghala. Ni kama mashine ya kusaga posho. Mahindi yakiisha, hakuna unga, na hakuna mtu atakayesema mashine "imejaa unga" kwa sababu tu ni kubwa na imefungwa kwa kufuli. Tena mwenye mashine ya posho ana nafuu, unga unaobaki anautia guniani. Wetu unaliwa ungali unadondoka. Umeme unaowasha taa yako sasa hivi unafuliwa sasa hivi, kwa maji yanayopita kwenye tabaini (gurudumu linalozungushwa na maji) sasa hivi. Yuniti za kinyozi hazijafuliwa bado. Alichonunua ni haki ya kutumia utakapokuwapo, kama tiketi ya basi ambalo halijaondoka Kampala.

Njoo ukae nami mbele ya geji saa moja jioni uone. Mshale uko kwenye 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine yenye jozi 20 za nguzo za sumaku lazima izunguke mara 150 kwa dakika ili kuipata hiyo 50, hakuna ujanja. Sasa watu wanarudi kazini, wanachomeka pasi, birika, televisheni. Hakuna anayetupigia simu kutuarifu. Ila rota, ile sehemu ya mashine inayozunguka, inasikia. Mzigo unaivuta, inachelewa kidogo sana, mshale unagusa 49.8, na mlio wa mashine unashuka sauti kidogo, kama mtu aliyebebeshwa gunia la pili. Govana, kidhibiti cha mwendo wa mashine, inafungua mageti ya maji, maji yanaongezeka, mlio unapanda. Wakizima, kinyume chake. Mchana na usiku, mwaka mzima, kila mashine iliyounganishwa kwenye gridi inacheza ngoma hiyohiyo kwa mdundo uleule. Ninaisikia mpaka usingizini, mke wangu ni shahidi.

Msomaji mjanja ataniuliza: kati ya birika kuchomekwa na geti kufunguka, umeme wa zile sekunde chache umetoka wapi? Umetoka kwenye uzito wa rota. Chuma cha tani nyingi kikizunguka kina nguvu ndani yake, na kinapopunguza mwendo kinaitoa. Hiyo ndiyo akiba ya umeme tuliyo nayo kituoni, na ni ya sekunde, si ya siku. Mashine ikisimama, akiba imekwisha. Zapdos amekuja kula sahani iliyokwisha oshwa.

"Na bwawa je?" Naam, hapo kuna akiba, lakini ni ya maji, na hapa ndipo watu wanaponichosha kuliko popote. Chukua jerikani la lita 20. Liachie maji yake yashuke mita 20, urefu wa kawaida kwetu hapa. Ukitoa kinachopotea njiani, unapata kama saawati moja. Moja! Inawasha balbu ya wati 5 kwa dakika 12 hivi. Simu ya siku hizi ikiwa tupu inataka jerikani kama 15. Birika la lita moja na nusu mpaka lichemke, karibu jerikani 150. Ukitaka kujua kwa nini tunajenga mabwawa, fikiria jerikani 150 kwa kila chai ya Uganda.

Tangi letu kubwa ni Ziwa Victoria lenyewe. Bwawa lililofunguliwa 1954 liko pale mto unapotokea, na kiasi cha maji ya kuachia hufuata kina cha ziwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na Misri tangu enzi ya ukoloni. Ziwa liliposhuka, miaka ya 2005 na 2006, tulikula mgao wa umeme mpaka watoto wakajua ratiba kwa kichwa. Mashine zilikuwapo: kituo cha Nalubaale, kile cha 1954, na mashine zake 10 za megawati 18, na kituo cha Kiira na 5 za megawati 40. Maji ndiyo hayakutosha.

Na hii inanileta kwenye neno "ziada", ambalo likitamkwa redioni nazima redio. Tangu kituo cha Karuma kikamilike 2024 na megawati zake 600 chini ya ardhi, mitambo yote ya nchi ukiijumlisha inapita megawati 2,000, na matumizi yetu hayafiki huko. Basi kila mtu anauliza: hiyo ziada mnaiweka wapi? Hatuiweki popote, jamani. Haipo. Ni uwezo, si umeme. Mwenye masufuria kumi jikoni hajapika masufuria kumi. Kukatika kwa umeme kwa kinyozi hakuhusiani na sufuria kabisa, huenda ni tawi la mwembe kwenye waya, huenda ni transfoma ya mtaani imechoka. Lakini umwambie hivyo atakuona unakwepa. Tena lugha yenyewe inanihujumu: kwa miaka ishirini, mpaka Machi 2025, kampuni ya usambazaji hapa ilikuwa inaitwa Umeme, kwa hiyo Mganda ukimwambia "umeme hauhifadhiwi" anadhani unaisengenya kampuni. Umeme wenyewe yeye anauita amasannyalaze.

Sasa niwe mkweli, maana nimewasema sana wengine. Kuna umeme unaobaki mahali palipozimwa, na ndio unaoua. Betri za kituo zipo, za volti 110, zinalisha vidhibiti hata mashine zikilala. Na waya wa msongo mkubwa uliokatwa pande zote mbili bado unaweza kukuua, kwa chaji iliyonaswa au kwa inayoambukizwa na waya jirani ulio hai. Nikiwa mwanafunzi, tulitumwa kwenye laini ambayo karatasi ilisema imekufa. Msimamizi wetu akainua fimbo ya ethi, ya kupeleka chaji ardhini, akaigusisha, ikalia paa! Cheche ya bluu, urefu wa kidole. Laini iliyokufa. Nilikaa chini kwenye nyasi na hakuna aliyenicheka.

Ndiyo maana Voltorb wananipendeza. Katika kituo kile wanalala sakafuni wakifanana sawasawa na mpira wa zawadi. Unakwenda kuokota, kumbe ni kiumbe wa umeme. Kila kijana anayeanza kazi kwangu angepaswa kucheza sehemu ile kabla ya kupewa glavu.

Lingine la kukiri. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba umeme hutiririka kwenye waya kama maji kwenye bomba. Si kweli. Elektroni za nyumbani kwako hazijawahi kufika Jinja, zinatikisika palepale zilipo, mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde. Wakiniuliza basi kinachofika ni nini, najibu "nishati", kisha nahisi kama padri aliyeulizwa kuhusu Utatu na mtoto wa komunyo ya kwanza.

Na vitabu vitakuambia kituo kilichozimika kabisa kinawashwa upya kwa hatua zinazoeleweka. Ni kweli zimeandikwa. Ili mashine ianze unahitaji mafuta yenye shinikizo ya govana, pampu za vilainishi, na mkondo wa kuamsha sumaku ya rota. Vyote vinataka umeme, kwa hiyo unaanza na betri na jenereta ya dizeli, mashine moja, laini moja, mzigo kidogokidogo. Wasichokuambia ni kwamba kulifanyia jaribio kamili maana yake ni kuizima nchi makusudi, na sijaona bosi wa kutia saini karatasi hiyo. Tunafanya mazoezi ya vipande. Siku ya kweli mikono inatetemeka, yangu ikiwamo.

Mpwa wangu alitaka kunipatanisha na mchezo kwa kunionyesha toleo la 1999, Gold na Silver. Humo kituo kimefufuliwa, kinafanya kazi, kisha mwizi anaiba kipuri kimoja na kila kitu kinasimama, hata treni ya sumaku. Yeye aliona ni kichekesho: kipuri kimoja! Mimi ndipo nilipokaribia kulia. Niliwahi kulala wiki tatu na mashine nzima iliyosimama kwa ajili ya sili ya mpira unayoweza kuivaa kama bangili, iliyokuwa ikisubiriwa kutoka ng'ambo. Na Aprili 2020 kisiwa cha matete kinachoelea kilisukumwa na maji hadi kwenye mabwawa ya Jinja, mitambo ikasimama, nchi ikaingia gizani. Matete! Mwandishi wa mchezo angeliandika hilo wangesema amezidisha.

Kinachoniudhi ni kinachofuata. Kipuri kinapatikana kimefichwa ndani ya maji, kwenye bwawa la ukumbi wa mazoezi. Mtoto anakitoa, anakipeleka, meneja anakipokea, na treni inatembea. Hawakukikausha. Hawakupima kinga ya nyaya zake kwa mega, kifaa cha kuonyesha kama umeme unavuja. Meneja hakutoa hata risiti ya stoo, badala yake anampa mtoto mbinu ya kufyatua mzinga wa umeme.

Halafu treni yenyewe. Inatoka mji wa Saffron, mkoani Kanto, kwenda mji wa Goldenrod, mkoa jirani wa Johto. Kanto ya kweli iko mashariki mwa Japani, na Johto imeigwa sehemu za Kansai, magharibi. Mashariki ya Japani inatumia 50, magharibi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka ikanunua za Marekani, na hawajapatana hadi leo. Reli ya kweli ya Shinkansen kati ya miji hiyo inatumia 60 njia nzima, na upande wa Tokyo wamefunga mitambo ya kubadilisha. Kwa hiyo treni ile inalishwa na nani? Kituo cha Kanto kikizimika, kwa nini Johto wasiipeleke walau nusu ya njia? Mitambo ya kubadilisha iko mji gani?

Nilimuuliza mpwa wangu yote hayo. Akanitazama, akatazama simu, ilikuwa asilimia nne.

"Mjomba, jerikani ngapi?"

"Kumi na tano. Kumi na nne ukiwa na subira."

Umeme ulirudi saa mbili kasoro usiku. Kinyozi alikuwa ameshafunga, na Jumapili nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilivaa helmeti siku nzima, hata kantini.