Rapa chipukizi wa Dodoma na maneno anayolishwa

"Bila kwenda Dar hutoki."

Haya ndiyo ya kwanza anayoambiwa kijana wa Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, akishaandika mistari yake miwili mitatu. Zamani yalikuwa na ukweli wake. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, studio za kueleweka zilikuwa za kuhesabu, na karibu zote zilikuwa Dar es Salaam: kwa maprodyuza Master Jay na P-Funk Majani. Hata rapa Albert Mangwea, aliyepita shule za Dodoma, ilibidi ashuke huko ndipo nchi nzima imsikie. Lakini hata wakati ule watu hawakuyaacha makwao. Katika marapa, Sugu alikuja na Mbeya yake, Afande Sele na Morogoro yake, Fid Q na Mwanza, Joh Makini na wenzake wa kundi la Weusi na Arusha. Dar walikwenda kurekodi. Mtaa waliouchana ulikuwa wa nyumbani.

Leo kompyuta, maiki ya wastani na chumba kilichozibwa mwangwi kwa magodoro vinatosha kutoa wimbo, na vyumba vya namna hiyo Dodoma vipo. Ukitakiwa kuonana na mtu Dar, treni ya SGR inafanya safari hiyo tangu 2024. Nenda, malizana naye, rudi. Anayehama kabla hajawa na nyimbo hata tano za kuonyesha anahamia kwenye kodi ya chumba. Kijana anayekula kwa mama yake Ipagala ana mtaji, ila hauoni kwa sababu hauna risiti.

"Kuchana ni kipaji tu."

Kipaji kipo, sawa. Ila chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika: baa 16, kila moja mapigo manne, zinakwisha kwa sekunde 43 hivi. Usipopanga mapema utapumulia wapi, baa ya kumi na moja itakukata katikati ya neno. Hilo linakuja kwa mazoezi, halina mjadala.

Kisha vina. Kiswahili kina vokali tano, na karibu kila neno linaishia na mojawapo, kwa hiyo kulinganisha "nimefika" na "nilipita" kwa kuwa yote mawili yanaishia na a ni kujidanganya. Washairi wa mapokeo walishalimaliza hili: kina ni silabi nzima, -ka kwa -ka, -ta kwa -ta, na mshororo wa shairi lililozoeleka una mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane. Andagraundi wengi, wasanii ambao hawajatoka, huona hayo ni mambo ya darasa la fasihi. Basi wawasikilize upya marapa wanaowahusudu, wakihesabu silabi kwa vidole. Watakuta mkali analinganisha silabi mbili au tatu za mwisho, si herufi moja.

"Nimelipia studio, wimbo ni wangu."

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo vijana wanapoumia na hawajui kama wameumia mpaka wimbo uanze kupendwa.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi inazaliwa pale kazi inapotungwa. Haisubiri cheti wala mhuri. Inadumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mashairi uliyoandika kwenye daftari ni yako tangu jana usiku. Tatizo ni kwamba wimbo mmoja unabeba haki zaidi ya moja: kuna maneno, kuna muziki wenyewe, kuna rekodi. Pesa uliyompa prodyuza imelipia muda wake na ufundi wake. Peke yake haisemi biti ni ya nani.

Dawa yake ni karatasi moja. Majina ya wote walioshiriki, nani ameandika nini, mgawanyo wa asilimia, biti imeuzwa moja kwa moja au imekodishwa, tarehe, saini. Maprodyuza wengi wa mtaani ni vijana wenzako, pengine mmesoma pamoja Makole, na ndiyo maana watu huona aibu kuandikishana. Wanaona ni kama kumwambia mshikaji humwamini. Mimi nadhani ni kinyume chake: mkiandikishana wakati wimbo hauna hata shilingi, hakuna wa kugombana naye. Subirini uingize pesa muone.

Biti za "bure" za YouTube nazo zina mitego. Nyingi ni bure kwa mazoezi tu, na ukitaka kuuza wimbo lazima ununue leseni. Nyingine zimekodishwa kwa watu wengi kwa mpigo. Wimbo wako ukipanda, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi unaweza kupeleka mapato ya matangazo kwa mtu usiyemjua.

Halafu kuna wanaochanganya BASATA na COSOTA. BASATA ni Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Huko unatambuliwa na kupewa kibali kama msanii. COSOTA inashughulika na hakimiliki za kazi zako. Kusajili wimbo COSOTA hakukupi haki ambayo hukuwa nayo, ila siku ya ugomvi una ushahidi mkononi. Ukikwama na utaratibu, ulizia afisa utamaduni wa halmashauri. Ni sehemu ya kazi yake, na wengi hawajawahi kumwona rapa akibisha hodi.

"Nikifikisha watazamaji elfu, pesa inaingia."

Haingii. Ili kupata mgao wa matangazo ya video za kawaida, YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Spotify, tangu 2024, hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Usinunue watazamaji wa kutengenezwa. Wanafutwa, na pesa yako hairudi.

"Piga shoo bure, utajulikana."

Mara moja, kwa rafiki, sawa. Baada ya hapo omba hata nauli na nusu ya malipo kabla ya kupanda jukwaani. Na soma kalenda ya mji: Bunge la bajeti likiwa linaendelea, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni wanajaa; UDOM na vyuo vingine vikifunga, kumbi zinapwaya. Tena marapa hawajawahi kudharaulika hapa. Sugu aliingia bungeni 2010, Professor Jay 2015, Mwana FA 2020, na wote hao posho zao wamezipokelea Dodoma.

"Kuweka Kigogo kwenye rap ni ushamba."

Hii inaniudhi kuliko zote. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa jadi, Mgogo wa hapahapa, aliyefariki 2003, alirekodi na Real World, lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza, akapanda majukwaa ya nje na ala za kwao, ilimba na zeze, na sauti ile inayopanda na kushuka. Kundi la X Plastaz wa Arusha walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, wakaalikwa Ulaya. Na wewe unayeamka kila siku Chamwino au Bahi, karibu na akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya Wagogo, unatafuta biti ya Atlanta, Marekani!

Ila usiende na simu kuwarekodi kienyeji, ukakata sekunde nane, ukazirudia wimbo mzima. Sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi pia. Waeleze kikundi unataka kufanya nini, walipe siku ya kurekodi, kisha majina yao yaingie kwenye karatasi ileile ya mgawanyo, juu kidogo ya jina la prodyuza.