Kuba la Houston halijavunjwa, mzee wangu

Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa ikishamiminwa mara ya pili, mazungumzo ya michezo huenda yanakotaka. Juzi yalifika Houston, Marekani. Mzee mmoja, shabiki wa ngumi tangu ujana wake, akasema bila wasiwasi: "Lile kuba alilopigania Ali lilishavunjwa zamani." Nusu ya baraza ikaitikia.

Halijavunjwa. Astrodome, kuba la uwanja wa michezo lililofunguliwa Aprili 1965, bado limesimama, ila halina kazi. Timu ya besiboli ya Astros ilihama baada ya msimu wa 1999, na ubavuni pake ukajengwa uwanja wa NRG, mkubwa kulipita.

Kuhusu Ali, mzee hakukosea. Februari 1967 alimdunda humo Ernie Terrell aliyeng'ang'ania kumwita Clay, jina lake la zamani, huku Ali akimuuliza, "Jina langu nani?" Kwa hiyo wasemao ulikuwa uwanja wa besiboli tu nao wamepotea. Mwaka 1973 Billie Jean King alimshinda Bobby Riggs kwa tenisi mumo humo, mbele ya watu zaidi ya 30,000.

Wengine hudhani paa lile lilikuwa maringo ya matajiri wa mafuta. Maringo yalikuwepo, maana Roy Hofheinz, meya wa zamani aliyelisimamia, aliliita ajabu ya nane ya dunia. Lakini Houston ina joto la unyevu, mvua na mbu, na mtu wa Mombasa haelezwi joto la unyevu. Machi 2007, kwenye mbio za nyika za dunia pale uwanja wetu wa gofu, Kenenisa Bekele mwenyewe, bingwa wa mbio kutoka Ethiopia, alijitoa kabla ya kumaliza.

Dhana ninayoipenda zaidi ni ya nyasi. Vijana wanaokodi kiwanja cha "astro" jioni hudhani jina limetoka kwenye nyota, au kwamba nyasi bandia zilibuniwa makusudi kwa ajili ya kuba hili. Ukweli ni kwamba Astrodome lilianza na nyasi halisi. Paa lilikuwa na vipande zaidi ya 4,000 vya plastiki angavu ili jua lipite. Jua likapita kweli. Mchana, mpira ukirushwa juu, wachezaji waliuangalia ukipotea kwenye mwako wa paa, wakabaki wamejikinga vichwa kwa mikono. Vile vipande vikapakwa rangi. Mwako ukapungua, nyasi nazo zikafa kwa kukosa jua. Msimu ukamalizikia kwenye nyasi kavu zilizopakwa rangi ya kijani! Mwaka 1966 zikaletwa nyasi za plastiki za kampuni ya Monsanto, ambazo tayari zilikuwa zimetandikwa kwenye shule moja ya Providence mwaka 1964. Zilikuwa zikiitwa ChemGrass. Jina la AstroTurf lilitokana na kuba.

Na je, mvua haikuwahi kuahirisha mechi humo? Iliahirisha. Juni 15, 1976 mafuriko yalifunga barabara, waamuzi na mashabiki wakashindwa kufika. Wachezaji waliokwisha kuingia walitandikiwa meza uwanjani, wakala chakula cha jioni. Kiwanja kilikuwa kikavu kabisa.

Usilichanganye pia na Superdome la New Orleans. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, watu walijihifadhi kwanza Superdome. Maelfu yao ndio waliopakiwa mabasi hadi Astrodome.

Linalopotoshwa sana ni ile kura ya Novemba 2013. Husemwa wakazi walipiga kura livunjwe. Waliulizwa kama serikali ya kaunti ikope dola milioni 217 kuligeuza ukumbi wa maonyesho, wakakataa. Kumnyima mtu pesa za dawa si kumchimbia kaburi. Tangu 2017 kuba linalindwa kama mali ya kale ya jimbo la Texas, na haliguswi bila idhini ya tume ya historia. Mwaka 2018 uliidhinishwa mpango wa dola milioni 105 wa kuinua sakafu na kuegesha magari chini yake, nao ukakwama.

Mzee alisikiliza yote, akageuza kikombe mkononi. "Kwa hiyo lipo, halichezewi, halivunjwi, na hakuna wa kulilipia?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi mie nilidhani mabati ya kuzungushia uwanja ni mambo ya huku kwetu tu," akasema, akamwita muuza kahawa.