Hifadhi ndogo za bahari: maneno ya barazani na mambo yalivyo

Juzi barazani tulianza na bei ya pweza tukaishia kwenye hifadhi za bahari, na kama kawaida yetu kila mtu mtaalamu, hata yule ambaye maji ya magoti yanamtisha. Sikupata nafasi ya kusema lote, basi naliandika hapa.

Kubwa lililosemwa ni kwamba "kile kipande kidogo vile kitasaidia nini". Haya, chukueni kisiwa cha Chumbe, hapo kusini ya mji wa Zanzibar. Mwamba uliofungwa, yaani usiovuliwa, ni hekta 33 hivi na ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kidogo kweli. Ila samaki jike akiachwa akakua mayai yake yanazidi hata ya majike wadogo kadhaa ambao kwa pamoja wana uzito kama wake, na mayai hayakai pale, mkondo unayabeba unaenda kuyamwaga miamba mingine ambako watu wanavua. Na waliokua wengine wanatoka wenyewe. Kwani mvuvi mjuzi anategea wapi madema yake, ile mitego ya samaki? Pembeni ya mpaka, karibu kabisa, na hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Sasa jodari na papa hao ni wasafiri, hekta 33 haziwashiki, hilo nakubali. Lakini udogo una faida yake pia, mlinzi akisimama anaiona hifadhi yote upande hadi upande. Hifadhi ya maili kwa maili yenye boti moja na mafuta ya kuomba, nani anailinda usiku?

La pili, "hizo ni za wazungu na watalii". Hapa nisiwe mnafiki, Chumbe inaendeshwa na kampuni binafsi, japo si ya kugawana faida, na pesa inatoka kwa wageni wanaolala kwenye vibanda saba. Lakini walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, hawana bunduki, kazi yao kubwa ni kuongea, anakuja mtu na ngalawa wanamweleza, kesho akirudi wanamweleza tena. Halafu nendeni Kuruwitu kule Kilifi, Kenya. Pale wavuvi wenyewe waliona nyavu zinarudi tupu, mwaka 2005 wakafunga hekta kama 30, wakagombana wao kwa wao kweli kweli manake wengine walisema tutakula nini, na 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Swali la haki si rangi ya aliyeanzisha bwana, ni pesa ya kiingilio inakwenda wapi na kijiji kinaonyeshwa hesabu au hakionyeshwi. Na kutegemea watalii peke yake ni hatari, 2020 wageni walipokatika sote tuliona.

Sasa linaloniudhi mimi ni hili la "funga miezi mitatu, fungua, hifadhi tayari". Hiyo ni ya pweza! Pweza anaishi mwaka na kitu tu, anakua mbio, jike anataga mara moja, anakaa pangoni kulinda mayai hali chakula, yakianguliwa anakufa. Kwa huyo miezi mitatu inaleta tofauti ya kuiona kwenye mizani. Samaki kama chewa je? Chewa anachukua miaka, na aina nyingi wanaanza majike ndo baadae wakubwa wanageuka madume, kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa umemaliza madume. Ukifungua kila baada ya miezi mitatu umewafungia nini hao?

Na siku ya kufungua yenyewe mmeiona. Bamvua, maji yametoka, kinamama wa kijiji wako tayari na mikonjo ya kuchokolea pweza, mara watu wageni wanashuka na boti kutoka huko walikotoka, kila mtu anakimbilia shimo, matumbawe yanavunjika chini ya viatu kama vigae, na kufika adhuhuri ulichosubiri miezi mitatu kimeisha kwa masaa manne. Wanaofaidika ni waliokaa kabla wakakubaliana nani anaingia, anaingia saa ngapi na pweza wa uzito gani anaachwa.

Mengine kwa haraka. Matumbawe si mawe, ni wanyama wadogo hai, nanga moja inaharibu kilichokua miaka mingi, ndo maana boya la kufungia boti ni muhimu kuliko bango. Na kufunga hakuzuii joto. Mwaka 1998 na 2016 maji yalipochemka miamba ya huku ilipauka, matumbawe yakawa meupe na mengine yakafa, iliyofungwa na isiyofungwa. Ila penye samaki pono wengi mwani unaliwa, matumbawe machanga yanapata pa kushika.

Bango nalo... kuna pwani moja siitaji, bango zuri, lina nembo tano za wafadhili. Nimekuta mtu ameanika juya, ule wavu wa kukokota, juu yake.