Je, Wajua Kwa Nini Kigoda Hupasuka Siku Chache Baada ya Kuchongwa?

Mpwa wangu ni mjenzi wa maghorofa, ila yote yamo ndani ya simu. Anacheza Minecraft: unakata mti kwa shoka, gogo moja linakupa mbao nne, unapanga, unapandisha, jioni una jumba. Likizo ya mwezi wa sita alikuja kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, bibi yake akaificha simu kabatini. Mtoto akatafuta la kufanya. Mwembe wa uani ulikuwa umepunguzwa matawi, akachukua kipande kinene, akaazima tezo na patasi kwa fundi seremala jirani, na siku ya nne akatuletea kigoda cha miguu mitatu. Kizuri kweli, tulikikalia kwa zamu. Siku ya tisa, usiku, tukasikia "paa!" sebuleni. Kulipokucha kigoda kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole, kutoka ukingoni mpaka katikati.

"Mjomba, mbona kwenye gemu mti haupasuki?"

Bibi yake alisema ni jua la kiangazi. Lakini kigoda hakikutoka nje hata siku moja, na kama jua lingekuwa ndilo lote, kingepasuka siku ya kwanza.

Mti mbichi una maji ya namna mbili. Ya kwanza yamejaa ndani ya vijitundu vyake vidogo mno, kama maji kwenye mrija. Ya pili yamenywewa na kuta za vijitundu hivyo, kama maji kwenye kitambaa. Mti ukianza kukauka, yale ya kwanza ndiyo hutoka, na yakitoka mti unapungua uzito bila kupungua umbo. Hapo ndipo mchongaji mgeni hudanganyika akadhani kazi imesalimika. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta nazo huanza kutoa maji yake, na ukuta unaopoteza maji hunywea. Kuanzia hapo mti unasinyaa.

Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, haupungui karibu chochote. Kutoka gome kuelekea moyo wa gogo, miti mingi hupungua kama asilimia 4 hivi mpaka ikauke kabisa. Kufuata mzunguko wa ile miduara unayoiona ukikata gogo, hupungua kama asilimia 8, yaani mara mbili.

Piga hesabu ya gogo lenye mzunguko wa sentimita 60. Kwa jinsi unene wake ulivyopungua, mzunguko ulipaswa kubaki sentimita 57.6. Lakini nyuzi za mzunguko wenyewe zinataka kubaki na 55.2. Sentimita 2.4 zinatoka wapi? Hazitoki popote, gogo linaachia. Ndiyo maana ufa una umbo la kipande cha tikiti kilichotolewa: mpana kwenye gome, mwembamba moyoni. Minecraft huchora hata miduara kwenye vichwa vya magogo, ila miduara ile haina kazi ya kufanya.

Kiangazi kina sehemu yake, bibi hakukosea kabisa. Upepo mkavu wa Tabora kati ya Juni na Septemba hukausha ngozi ya gogo upesi huku ndani bado kuna maji. Nje inataka kubana, ndani inagoma. Na maji hukimbilia zaidi kwenye vichwa vilivyokatwa, kwa kuwa ile mirija imeachwa wazi, kwa hiyo nyufa nyingi huanzia hapo.

Sasa angalia mzinga wa nyuki wa gogo, ule unaotundikwa porini, au ngoma. Ni gogo vilevile, lakini limetobolewa na moyo umeondolewa. Duara lililobaki lina nafasi ya kujikunja kwa ndani, kwa hiyo halilazimiki kupasuka kirahisi. Kigoda cha mpwa wangu kilikuwa na moyo wa gogo katikati kabisa ya kikalio. Kilihukumiwa tangu siku ya kwanza.

Mninga ni habari nyingine. Mti huu ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake husinyaa kidogo sana ikilinganishwa na miti mingi. Milango na vitanda vya mninga husifiwa kwa uzuri wa rangi, lakini mimi naona sifa kubwa ni kutulia: haupindi. Ila usiende porini na panga, kuukata kunahitaji kibali. Kwa anayechonga kujifurahisha, mabaki ya karakana ya seremala yanatosha, na mara nyingi yameshakauka. Funika pua unapopiga msasa, maana vumbi lake huwasha watu wengine.

Ukiwa na mti mbichi tu, pasua gogo katikati kwanza, uutupe moyo. Chonga umbo la awali lenye unene wa ziada. Paka nta vichwani, na nta Tabora si kitu cha kuhangaikia, kisha kifukie chombo ndani ya gunia la maranda makavu, kivulini. Maranda hupunguza kasi ya maji kutoka, ili ndani na nje vikauke pamoja. Ukikuta yamelowa, badilisha.

Utajuaje kimekauka? Kwa mzani. Mpwa wangu sasa anachonga bakuli, nusu ya gogo la mwembe uleule, na kila Jumamosi hulipeleka kwa muuza duka kulipima. Wiki za mwanzo lilikuwa likipungua sana, muuza duka akamtania kwamba anauza maji. Jumamosi iliyopita uzito ulikuwa uleule wa wiki iliyotangulia. Akarudi nyumbani, akaomba hela ya msasa.