Mtoto mchanga anamjuaje mama yake kwa sura?

Mama aliyejifungua siku nne zilizopita anajifunga mtandio, anamwinamia mwanawe, na mtoto anamtazama kama anavyomtazama jirani aliyeleta uji. Asimlaumu. Mtafiti Olivier Pascalis na wenzake walilijaribu jambo hili mwaka 1995: watoto wa siku nne hivi walimkodolea macho mama kuliko mwanamke mgeni, lakini wanawake wote wawili walipofunga vitambaa vya kichwa, tofauti ikapotea.

Sababu ni macho yenyewe. Mtoto mchanga huona vizuri kiasi cha sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka ziwani hadi usoni pa mama, na hata hapo ni ukungu. Kinachojitokeza ni pale rangi mbili zinapokutana, kama nywele na paji la uso. Ukifunika hapo, umemfuta mama! (Sauti na harufu yake bado anazijua, kwa hiyo mitandio iendelee kuvaliwa.)

Hata hivyo, haji duniani mtupu. Mwaka 1975 watafiti Marekani waliwaonyesha watoto wenye umri wa dakika chache vibao vilivyochorwa. Chenye macho juu na mdomo chini walikifuata kwa macho na kichwa kuliko kile ambacho viungo vyake vilivurugwa.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba kujifunza huku kuna kupoteza ndani yake. Mtoto akionyeshwa picha ya sura ileile kwa muda, huichoka, akageukia mpya; hivyo ndivyo anavyopimwa kabla hajajua kusema. Mwaka 2002 watoto wa miezi 6 walionyeshwa picha za kima, na walimtofautisha kima mmoja na mwingine. Wa miezi 9 hawakuweza, na watu wazima vilevile: kwetu kima ni kima. Ubongo umeshachagua sura za kushughulika nazo, zile mtoto anazoziona kila siku.

Na miezi ile ya mwanzo ina uzito wake. Watafiti wa Kanada waliwafuatilia watu waliozaliwa na mtoto wa jicho, ukungu wa jicho unaozuia kuona, wakafanyiwa upasuaji wakiwa na miezi 2 hadi 6. Hata baada ya miaka zaidi ya 9 ya kuona, nyuso zilizotofautiana kwa nafasi tu kati ya macho na mdomo bado ziliwatatiza.