Tarehe Ikishapita: Chakula Gani Bado Kinauzika, na Kipi Kukiuza ni Kosa

Pakiti moja huweza kuwa na tarehe mbili au hata tatu: ya kutengenezwa, ya kufungashwa na ya mwisho. Wauzaji wengi husoma namba wakaruka maneno yaliyotangulia namba hiyo. Maneno hayo ndiyo yanayoamua.

Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinatenganisha tarehe mbili za mwisho, na kifungu chake cha tarehe kilirekebishwa mwaka 2018. Ya kwanza ni "bora kabla ya", ambayo kwenye vifungashio vingi huandikwa kwa kifupi cha Kiingereza BB au BBE. Hiyo ni ahadi ya ubora: hadi siku hiyo, pakiti ikiwa haijafunguliwa na imehifadhiwa kama ilivyoelekezwa, ladha, rangi na ukavu wake vitakuwa vile mtengenezaji alivyokusudia. Ikipita, biskuti zinaweza kupoteza ukavu, lakini si lazima zimdhuru mlaji. Ya pili ni "mwisho wa matumizi", mara nyingi EXP. Hii inagusa usalama. Ikishapita, chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa.

Sheria za nchi hazilingani. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inakihesabu chakula kilichopita mwisho wa matumizi kuwa si salama, bila kusubiri majibu ya maabara. Kilichopita "bora kabla ya" kinaweza kuuzwa ilimradi kinafaa kuliwa na mnunuzi hadanganywi. Marekani, sheria ya shirikisho inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya watoto wachanga tu, na mengine yameachiwa majimbo. Zipo pia nchi zisizotofautisha kabisa: tarehe yoyote ikipita, kuuza ni marufuku. Kwa hiyo mfanyabiashara aanze na sheria ya nchi yake kabla ya kujitetea kwa maana ya BB.

Mambo mawili hayana mjadala. Kuuza chakula kisichofaa kwa binadamu ni kosa hata kama tarehe bado ipo mbali, maana kopo lililovimba haliokolewi na tarehe yake. La pili ni kubadili, kufuta au kuziba tarehe. Huo ni udanganyifu, na stika ya bei iliyobandikwa juu ya tarehe nayo huweza kuhesabiwa hivyo, hata muuzaji akisema ilitokea kwa bahati mbaya.

Swali linalorudi kila mara ni: "Mbona hakinuki?" Vijidudu vinavyoozesha chakula na vinavyoleta maradhi mara nyingi si vilevile. Waozeshaji ndio wanaoleta harufu, utelezi na uchachu. Wale wa maradhi wanaweza kuongezeka mpaka kiwango cha hatari huku chakula kikinukia vizuri. Mfano mkubwa ni Listeria, bakteria anayeendelea kukua ndani ya friji, hata baridi ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Kwenye nyama zilizopikwa na kufungashwa, samaki wa moshi na jibini laini, kila siku inayozidi ni siku ya kuzaliana kwake. Mama mjamzito anaweza kuumwa kidogo tu kama mwenye mafua, kisha mimba ikaharibika, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70 baada ya kula. Ndiyo maana ni nadra mgonjwa kukumbuka ni pakiti ipi iliyomdhuru.

Pakiti zilizoondolewa hewa zina hatari yake. Kukosekana kwa hewa huzuia ukungu, lakini humpa nafasi Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu kali, na baadhi ya aina zake hukua kuanzia nyuzi 3. Sumu ya huyu huharibika kwa kuchemshwa vya kutosha. Zipo sumu zisizojali moto: ile ya bakteria Staphylococcus, na histamini inayojikusanya kwenye samaki kama jodari waliokosa baridi. Kwa hiyo utetezi wa "mnunuzi atakipika vizuri" hausimami.

Vyakula vikavu ni habari nyingine. Codex haidai tarehe ya mwisho kwenye chumvi ya chakula isiyoongezwa madini joto, siki wala sukari ya kawaida isiyoongezwa virutubisho. Tambi na mchele mkavu hupungua ubora polepole, na adui zao wakubwa ni unyevu na wadudu. Unga usiokobolewa huharibika haraka kuliko uliokobolewa kwa sababu kiini cha nafaka kina mafuta, nayo mafuta huvunda. Kwenye makopo, vyakula visivyo na uchachu kama maharage na nyama hudumu muda mrefu kuliko nyanya au nanasi, ambazo asidi yake huendelea kula bati kutoka ndani. Kopo likaguliwe kwa macho na vidole: ncha zilizovimba, mbonyeo ulioangukia kwenye mshono, kutu isiyofutika kwa kitambaa. Lolote kati ya hayo linatosha kuliondoa rafuni. Lililovimba lisifunguliwe kwa kuonja.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayana msamaha. Vitamini hupungua kadiri muda unavyokwenda, na mtoto anayeyategemea hana chakula kingine cha kufidia. Tarehe ikipita yasiuzwe kwa punguzo, wala yasigawiwe kama msaada.

Na tarehe yenyewe ina masharti. Imehesabiwa kwa pakiti isiyofunguliwa, iliyokaa kwenye joto lililoandikwa. Friji ya duka iwe chini ya nyuzi 5, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, na kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wengi huzaliana haraka, kwa hiyo friji inayozimwa usiku kuokoa umeme inaweza kumaliza maisha ya mtindi siku kadhaa kabla ya tarehe yake. Kugandisha kunasimamisha bakteria bila kuwaua wote. Nyama iliyogandishwa baada ya tarehe kupita hairudi kuwa halali. Vilevile anayenunua gunia na kufungasha upya kwenye mifuko midogo lazima ahamishe tarehe ya gunia. Hapati tarehe mpya.

Dukani, kazi huanza mzigo unapopokelewa. Soma tarehe ya katoni na ya pakiti iliyo ndani, zilingane, kisha uziandike pamoja na namba ya bechi, yaani ya kundi zilimotengenezwa pakiti hizo. Jiulize kama siku zilizobaki zinatosha kuuza mzigo wote; kama hazitoshi, rudisha gari likiwa bado mlangoni. Kinachoisha mapema kikae mbele. Vya baridi vikaguliwe kila asubuhi, vikavu mara moja kwa wiki. Lebo yenye mwezi na mwaka tu kwa kawaida huhesabiwa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kilichopita kiwekwe kwenye sanduku lililoandikwa HAKIUZWI, mbali na stoo ya kawaida, na kiorodheshwe jina, bechi na idadi. Wakati wa kuteketeza, pakiti ipasuliwe na kilichomo kimwagwe au kichanganywe na uchafu, la sivyo kitaokotwa na kurudi sokoni. Ukimrudishia msambazaji, iwepo hati inayosema wazi kwamba mzigo umekwisha muda, kwa kuwa mzigo unaorudi bila karatasi ni rahisi kupachikwa tarehe mpya. Na pale sheria inaporuhusu kuuza kilichopita "bora kabla ya", kitengewe rafu yake yenye tangazo linalosema hivyo.

Mnunuzi naye ana la kutazama: wino wa tarehe unaofutika kwa kidole kilicholowa, stika juu ya stika, michirizi ya kukwaruzwa, au tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa maandishi tofauti na namba ya bechi iliyo kando yake. Ukishanunua na kugundua, usile na usitupe. Piga picha inayoonyesha tarehe na bechi, hifadhi risiti pamoja na kifungashio, kisha utoe taarifa kwa mamlaka ya chakula au ofisi ya afya iliyo karibu. Pakiti ikishaingia jalalani, mkaguzi hana namba ya kumwongoza hadi ghalani ulikotoka mzigo.